TV Isiyo na Rangi Ndiyo Iliyokuwa na Foleni

Haya ni maneno niliyowaambia vijana, wazazi na mafundi wenzangu tulipokusanyika Ngamiani, Tanga, Jumamosi alasiri. Wengi mlikosa nafasi, wengine mlikuwa safarini, mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Mama zangu mliokuja na watoto, ahsanteni sana, najua Jumamosi alasiri nyumbani kuna kazi.

Hapa mbele nimeweka TV mbili. Ya kushoto ni ya kichogo, inchi 21, umri wake umewapita wengi waliokaa mstari wa mbele. Ya kulia ni bapa, ya juzijuzi. Chini ya ile ya kichogo kuna PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu tuliyoizoea. Chini ya ile bapa kuna kijisanduku cha kijivu kinachofanana nayo kama mtoto na baba yake, kinaenea kiganjani. Hicho kinaitwa PlayStation Classic, kilitoka Desemba 2018. Vyote viwili vina Tekken 3, gemu ya kupigana, ndani. Vyote viwili vimezimwa, na vitabaki vimezimwa mpaka nimalize kusema, kwa sababu nawajua.

Kilichotuleta hapa ni ubishi wa dukani kwangu. Gemu za zamani, zile zilizozaliwa kwenye mashine za ukumbini, kabati refu lenye skrini na kifimbo ambalo unatumbukiza sarafu ndipo ucheze, zinatolewa upya kila kukicha. Vijana wananiuliza: Fundi, tuzitafute kwenye mashine za zamani, au tuzinunue upya kwenye mashine mpya? Mmoja anasema mpya ni mpya, picha inang'aa. Mwenzake anasema ya kale ni dhahabu. Wanabishana mpaka chai inapoa.

Mimi nimezifungua mashine hizi kwa bisibisi zaidi ya miaka ishirini. Jibu ninalo. Lakini jibu langu linaanzia kwenye TV mbovu, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 2001 nilikuwa na kibanda cha mabati Makorora, hapahapa Tanga. TV mbili, PlayStation mbili zilizowekewa chipu ya kusoma CD za kuchomwa, mabenchi matatu, feni moja. Raundi shilingi mia, anayepigwa anaachia padi, ile ya kushika mkononi yenye vitufe. Gemu iliyolipa kodi ya kibanda ilikuwa Tekken 3. Mashine ya kwanza nilikuwa na CD ya toleo la Ulaya. CD ya mashine ya pili ilichomwa kutoka toleo la Marekani, na kila nikiiweka, TV inatoa picha nyeusi na nyeupe. Nilibadilisha waya. Nilifungua TV nikapuliza vumbi. Nilihamisha TV zenyewe, hii huku, ile kule. Wapi! CD ile ilikuwa haina rangi na haitaki rangi.

Nikafanya ambalo mfanyabiashara yeyote angefanya. Penye rangi shilingi mia, pasipo na rangi hamsini. Mnadhani foleni ilikuwa wapi?

Foleni ilikuwa kwenye TV isiyo na rangi. Nikasema sawa, watoto wanatafuta bei nafuu. Nikairudisha kuwa mia. Foleni ikabaki palepale. Watu wanasimama, wanatoka jasho, wanangoja kucheza picha ya kijivu, na pembeni yao kuna TV ya rangi haina mtu. Siku moja nikamshika mmoja, bingwa wa mtaa wakati ule, nikamwuliza: hivi nyie mna nini na TV ile? Akanijibu bila hata kunitazama, macho yako kwenye skrini: "Fundi, ile ya rangi inalala."

Inalala! Mimi fundi sikuliona hilo. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliliona.

Ilinichukua miaka kuelewa maana yake. TV zetu huku, kama za Ulaya, zilijengwa kwa mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walikuwa na mfumo wa NTSC, picha 60 kwa sekunde. Gemu nyingi zilitungwa kwa 60. Zilipoletwa upande wetu, watengenezaji wengi hawakujisumbua kuupanga upya mwendo, wakaiacha gemu itembee kwa 50. Hesabu yake nyepesi: jambo lililotakiwa kuchukua dakika moja linachukua sekunde 72. TV yangu ya Makorora haikuelewa rangi za mfumo wa ugenini, lakini mwendo wake iliupokea. Wale vijana hawakusoma kitabu chochote cha mifumo ya TV. Mikono yao ilijua. Waliiacha rangi wakaufuata mwendo.

Wazee wangu ambao hamjawahi kushika padi, nyie hili mnalijua kuliko mtu yeyote hapa. Si mnakumbuka redio kaseti betri zikichoka? Taarabu inaendelea, kila neno lipo, hakuna ubeti uliopotea, lakini sauti ya mwimbaji imekuwa nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Bibi yangu alikuwa anasema: zima hiyo, unanichosha. Maneno yaleyale, fidla zilezile, na bado alichokipenda hakikuwepo. Basi gemu ni hivyohivyo. Mwendo ndio mchezo. Naomba mlishike hilo, nitalirudia: mwendo ndio mchezo.

Sasa twende Japani, mwaka 1978. Kampuni ya Taito, mtu mmoja anaitwa Tomohiro Nishikado, anatengeneza Space Invaders. Wavamizi 55 wamejipanga angani, safu tano za kumi na mmoja, wanashuka taratibu. Unawapiga. Kadiri unavyowapunguza, waliobaki wanazidi kasi, mpaka yule wa mwisho anakimbia kama amefukuzwa na nyuki. Kila aliyeicheza anakumbuka moyo ulivyokuwa ukidunda. Mnajua kasi ile ilitoka wapi? Nishikado hakuipanga. Kichakataji, yaani ubongo wa mashine ile, kilikuwa dhaifu, kuwachora wavamizi wote 55 kilikuwa kinaelemewa. Wakipungua, kinapata nafuu, kinachora haraka. Akaliona hilo, akaliacha makusudi, kwa sababu lilikuwa tamu. Unyonge wa mashine ukawa roho ya mchezo.

Fikirieni, basi. Leo unaichukua gemu ile unaitia kwenye mashine mpya yenye nguvu maelfu kwa maelfu ya mara. Ukiiachia ikimbie kwa nguvu ya mashine mpya, umeiua. Ni lazima mashine mpya ifundishwe kuelemewa kama ile ya zamani, palepale, kwa kiasi kilekile. Hiyo ndiyo kazi ya programu inayoitwa emuleta: inajifanya mashine iliyokufa, pamoja na uchovu wake.

Zamani hakukuwa na njia hiyo. Mashine za nyumbani zilikuwa dhaifu mno kuweza kujifanya kitu kingine. Ilibidi gemu iandikwe upya kutoka mwanzo, na aliyeiandika alikuwa anahamisha nyumba ya vyumba kumi kwenda kwenye banda. Atari 2600, mashine ya mwaka 1977, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Vijana, meseji moja ya kawaida ya simu inabeba 140. Mashine nzima ilikuwa inafikiri ndani ya nafasi isiyotosha meseji moja! Mwaka 1980 Space Invaders ikahamishiwa humo. Wavamizi wakapunguzwa kutoka 55 hadi 36. Maumbo yakabadilika. Lakini aliyeiandika alikihifadhi kitu kimoja: wakipungua, wanaongeza kasi. Watu wakanunua mashine kwa ajili ya gemu hiyo moja.

Miaka miwili baadaye, 1982, ikaja zamu ya Pac-Man, ile ya mdomo unaokula nukta huku unakimbizwa na mizimu, iliyotungwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco mwaka 1980. Atari 2600 haikuwa na uwezo wa kuchora mizimu minne kwa pamoja ikatulia, kwa hiyo ikawa inawachora kwa zamu, na mizimu ikawa inawakawaka kama taa ya umeme wa mgawo. Njia za kupita zikabadilishwa, sauti zikabadilishwa. Iliuzwa kwa mamilioni, kuliko gemu yoyote ya mashine ile, na wengi walioinunua walirudi nyumbani na huzuni. Mwaka 1983 Atari walipeleka shehena ya kaseti ambazo hazikuuzika, za gemu mbalimbali, Pac-Man zikiwemo, wakazifukia jangwani Alamogordo, New Mexico. Zikafukuliwa 2014, watu wakizitazama kama mabaki ya kale.

Hapa wengi wanasema: unaona, mashine ya zamani haikufaa. Hapana, ndugu zangu. Mwaka uleule wa 1983, kwenye Atari ileile, baiti zilezile 128, ikatoka Ms. Pac-Man, mdogo wake Pac-Man. Kaseti yake ilikuwa na nafasi mara mbili, na mafundi wake walitulia. Mizimu haikuwaka ovyo, mwendo ulikaribia ule wa ukumbini. Mashine ni moja. Mkono ndio tofauti. Mimi mtu akiniambia gemu fulani ni mbaya kwa sababu mashine ni ya zamani, huwa namwonyesha kaseti hizo mbili.

Nije karibu na kwetu. Mashine zenyewe za ukumbini wengi wetu hapa Tanga hatukuziona kabisa. Sisi tulipokea kupitia TV gemu, zile mashine za kuiga Famicom, mashine ya nyumbani ya kampuni ya Nintendo ya Japani, kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999. Ndani yake mlikuwa na Donkey Kong, kazi ya Shigeru Miyamoto ya mwaka 1981. Nani hapa aliicheza? Nyanyueni mikono. Wengi. Sasa niambieni, ilikuwa na hatua ngapi?

Mmesema tatu. Wote mmesema tatu, na wote mmecheza sahihi. Lakini ile ya ukumbini ilikuwa na nne. Ilipohamishiwa Famicom mwaka 1983 kaseti haikuwa na nafasi, hatua moja ikaachwa, ile yenye mikanda inayotembea na kubeba sahani kama kiwandani. Tumekua, tumeoa, tumezaa, hatujui kwamba kuna chumba kizima cha nyumba ile hatukuwahi kuingia. Niliiona hatua ile kwa mara ya kwanza kwenye Nintendo Switch ya mteja, baada ya kampuni ya Hamster kutoa toleo halisi la ukumbini mwaka 2018. Nilikaa kimya. Fundi mwenzangu alidhani naumwa. Kwa hilo moja tu mashine mpya imenipa kitu ambacho ya zamani isingeweza kunipa, na sitaki mtu atoke hapa aseme Fundi anachukia vipya.

Kukatokea wakati mmoja, mfupi, ambapo nyumbani na ukumbini palikaribia kuwa pamoja. Namco walipotengeneza Tekken ya kwanza, mwaka 1994, walitumia bodi ya ukumbini, yaani sakiti ya ndani ya kabati, inayoitwa System 11, na bodi hiyo ilijengwa juu ya umbo lilelile la PlayStation. Ndiyo maana Tekken ilipokuja nyumbani ilikuja na miguu yake. Tekken 3 ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu bodi yake, System 12, ilikuwa imeizidi PlayStation nguvu. Wafanye nini? Walikata mandhari. Kule ukumbini nyuma ya wapiganaji kulikuwa na majengo yenye kina, nyumbani pakawekwa picha bapa inayozunguka. Wapiganaji wakaachwa na mwendo wao. Kisha wakatuongezea vya kwetu: mpira wa Tekken Ball, safari ya kupigana njiani, na yule kidinosaria Gon aliyeniletea ugomvi kibandani kila wiki, kwa sababu ni mfupi na ngumi za juu zinampita.

Mnaona walichokata na walichobakiza? Nani aliwahi kuja kibandani kwangu kulalamika kuhusu majengo ya nyuma? Hakuna hata mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2018 Sony wenyewe, wenye PlayStation, walitoa hiki kijisanduku cha kulia. Gemu 20 ndani yake, Tekken 3 ikiwemo. Umri wa teknolojia umesogea miaka ishirini. Kijisanduku kinachomekwa kwenye TV bapa ambayo picha 60 kwa sekunde ni kitu chepesi kwake. Na wakatia ndani toleo gani la Tekken 3? La PAL. La picha 50. Gemu 9 kati ya 20 zilikuwa hivyo. Lile toleo ambalo watoto wa Makorora walilikataa 2001 kwa shilingi mia zao, likarudishwa likiwa limevalishwa nguo mpya na kuuzwa nje ya Japani, hata kwa Wamarekani ambao hawakuwahi kuwa nalo.

Niliponunua kile kijisanduku, kilicholetwa na jamaa aliyekuwa nje, nilikiwasha usiku peke yangu. Rangi nzuri. Picha safi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, na maneno ya yule kijana yakanirudia kama alikuwa amesimama nyuma yangu: inalala.

Kwa hiyo mpya imeshindwa? Polepole. Wale wale Hamster niliowataja, tangu 2014 wanatoa gemu za ukumbini karibu kila wiki, moja moja, na wanatumia programu ileile iliyokuwa kwenye bodi ya awali, ikitembea ndani ya emuleta. Hawaandiki upya. Mwaka 2025 wakaanza mfululizo wa pili kwa ajili ya mashine za kizazi hiki, wakaanza na Ridge Racer, gemu ya mbio za magari, na humo wameweka jambo ambalo wengine wataliona dogo. Pac-Man ya ukumbini haikuwa na picha 60 kwa sekunde, ilikuwa na 60 na nukta sita. Ukiibana kwenye 60 za TV, katika saa moja unaichelewesha sekunde 36. Mfululizo huu wa pili unaiwezesha TV, kama ni ya aina inayokubali, iufuate mwendo wa bodi ya awali badala ya kuilazimisha gemu ifuate TV. Mtu amekaa ofisini Japani anahangaika na sekunde 36 katika saa nzima! Huyo ni ndugu yangu, ingawa hatujuani.

Lakini gemu ikishafanywa vizuri, bado kuna kizuizi ndani ya nyumba zenu. Nacho ni hiyo TV bapa.

Yule bingwa wa Makorora aliondoka Tanga muda mrefu. Wanasema waja leo waondoka leo, yeye alichelewa kidogo kurudi. Miaka michache iliyopita akaja dukani na mwanawe. Nilikuwa na PlayStation 4 yenye mkusanyiko wa Street Fighter, gemu 12 za kupigana, matoleo ya ukumbini. Akashika padi mbele ya mtoto. Akapigwa. Akapigwa tena. Anazuia, ngumi imeshafika. Anaruka, ameshaanguka. Akaweka padi chini taratibu, akamwambia mwanawe: "Baba yako amezeeka." Mtoto alikuwa anamtazama. Mimi nilikuwa namtazama mtoto.

Nikachukua rimoti. Nikaingia kwenye mipangilio ya TV, nikatafuta hali ya gemu, ile inayoandikwa Game Mode, nikaiwasha. Nikamwambia cheza tena.

TV ya kichogo inachora picha wakati huohuo inapoipokea, haina subira. TV bapa inaipokea picha, inaishika, inaing'arisha, inailainisha, ndipo inakuonyesha. Ikiachwa na mapambo yake yote, TV nyingi zinaweza kuchelewa kwa milisekunde 100 au zaidi. Ni moja ya kumi ya sekunde. Kwa tamthilia si kitu. Kwa gemu ya picha 60 kwa sekunde ni picha sita zimeshapita, adui amekupiga, na wewe hujaambiwa. Hali ya gemu inayaondoa mapambo yale, ucheleweshaji unashuka sana. Na yule bwana alipocheza tena, mkono ukarudi. Wote ule? Hapana, miaka ni miaka. Lakini alishinda raundi mbili mfululizo, na mwanawe akaanza kupiga kelele dukani kwangu kama yuko Mkwakwani Coastal Union wamefunga bao.

Wangapi mna TV bapa nyumbani na hamjawahi kuigusa mipangilio ile? Nendeni leo usiku mkaitafute. Hata kama hamtakumbuka lolote jingine nililosema, hilo lifanyeni.

Nakuja kwenye jambo la mwisho, nalo ni la kuhifadhi. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Gemu kumi, karibu tisa zimepotea dukani. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Nintendo wakafunga duka la mtandaoni la mashine za 3DS na Wii U. Kilichotolewa upya humo na hakikuhamishwa kwingine, ambaye hakununua hatanunua tena. Kwa hiyo hata hiyo iliyotolewa upya inaweza kufa, tena inakufa haraka kuliko CD.

Lakini CD na mashine ya zamani navyo si vya milele, hasa hapa kwetu. Upepo wa bahari unaotupendeza pale Raskazone unabeba chumvi, na chumvi inakula bodi. Nimefungua mashine nyingi za mji huu, kutu naijua kwa majina. Reli ya plastiki inayobeba lenzi ya PlayStation inalika kwa joto, lenzi inakaa upande, CD haisomi. Ndiyo maana sote tulikuwa tunaipindua mashine juu chini ili isome. Mnakumbuka? Hatukujua kwa nini, lakini ilisoma! Leo lenzi nzima ni adimu. TV za kichogo nazo mlizitupa. Mwanzoni mwa 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Tanga, watu walinunua ving'amuzi, wengine wakaona bora wanunue TV mpya kabisa. Za zamani zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimeokoa nne. Nawaomba, mwenye nayo ndani imefunikwa kitambaa, asiitupe kabla hajanipitishia.

Kuna watu walioanza kuhifadhi bila kulipwa. Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alianzisha MAME, emuleta ya mashine za ukumbini, na maelfu ya bodi zimeandikwa humo tabia zao, moja baada ya nyingine, kabla hazijaoza. Ule ni uandishi wa kumbukumbu, kama mzee anayeandika nasaba ya ukoo. Mashine mpya zinapotoa gemu vizuri, zinanufaika na ujuzi wa watu wa namna ile.

Basi jibu langu kwa vijana wa dukani. Ukiwa na mashine ya zamani nzima na TV ya kichogo nzima, cheza hapo, na uitunze, maana hiyo ndiyo ya kupimia nyingine. Ukinunua mpya, usiulize kwanza kuhusu picha. Uliza: ni toleo la ukumbini au la nyumbani? Ni la 60 au la 50? Muuzaji akikuambia rangi imeboreshwa, mwambie sijakuuliza rangi. Na gemu zile zilizoandikwa upya kwa baiti 128, au kukatwa hatua ili ziingie kwenye kaseti, msizidharau. Zile ni kazi za watu waliochagua cha kuacha, na za waliochagua vizuri bado zinachezeka leo.

Nimemaliza kusema. Sasa naomba mabenchi yasogezwe mbele. Bingwa wa Makorora amekaa pale mlangoni, alidhani sijamwona, na mwanawe yuko naye, sasa ni kijana. Njooni wote wawili. Mtaanza upande wa kulia, kwenye kijisanduku, raundi tatu, halafu mtahamia kushoto raundi tatu. Nyie wengine tazameni mikono yao, msitazame skrini.

Kijana uliyekaa karibu na swichi, washa. CD iliyomo upande wa kushoto ni ileile ya 2001, kwa hiyo picha itatoka bila rangi. Asiniite mtu kuja kuitengeneza.